Ukuta wa Mama Mkubwa Waridi

Mchafukoge, Dar es Salaam
12 Januari 2025

Baba Mkubwa Polycarp,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Ndanda, na kwamba mguu umepunguza kukusumbua. Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu sana. Anasema kuku wake wa Magomeni wamekufa kwa mdondo, kabaki yule jogoo mkorofi ambaye mtaa mzima ulimwombea afe yeye. Kaka Zakayo amepata mtoto wa kike. Wamebishana jina wiki mbili sasa, na mpaka leo anaitwa Mtoto.

Najua kwenye simu hunisikii tena, na hiyo simu yako ya tochi haipokei picha, ndiyo maana nimerudi kwenye karatasi. Mara ya mwisho kuandika barua ilikuwa kwenye mtihani wa darasa la saba, kwa hiyo ukiona makosa unisamehe.

Jambo lenyewe ni hili. Tangu Novemba nafanya kazi kwenye kampuni ndogo ya matangazo, ghorofa ya tatu, juu ya duka la vitasa. Nabuni mabango kwenye kompyuta. Niko kwenye majaribio mpaka mwisho wa Machi, na Baba Mkubwa, nimekauka. Sina wazo hata moja. Asubuhi nafungua kompyuta, natazama kazi za watu wa Ulaya na Korea, nachora kitu, kisha bosi wangu Goodluck anasimama nyuma ya kiti changu na kusema, "Hii nishaiona." Kila siku keshaiona. Juzi akaongeza: "We dada mkono unao, ila macho huna." Nikaenda kulia chooni.

Sasa tumepewa kazi ya kampuni ya mafuta ya nywele. Wanataka tangazo ambalo mtu wa Kariakoo akiliona tu aseme hili la kwetu. Nikishindwa hili, naondoka. Wewe ulichora nusu ya mabango ya Kariakoo kwa miaka thelathini, bila kompyuta wala umeme. Mawazo ulikuwa unayatoa wapi?

Mwanao,
Violeth


Ndanda
2 Februari 2025

Mwanangu Violeth,

Marahaba. Barua yako imelala siku kumi na moja kwenye droo ya Nurdin, karani wa vifurushi hapa kituo cha mabasi, kwa sababu juu ya bahasha umeandika "Polycarp, Ndanda", kana kwamba mimi ni askofu. Hapa tuko akina Polycarp wanne. Siku nyingine andika Polycarp Mchoraji.

Mguu ni uleule. Mvua zimekuja vizuri na mihogo imeshika. Mwambie mama yako jogoo huyo aingie chunguni, anangoja nini? Na Zakayo aache ubishi. Mtoto aitwe Waridi, jina la Mama yako Mkubwa, kwisha kazi.

Umenichekesha, halafu umenikasirisha. Umekaa juu ya Kariakoo, unatafuta wazo Korea! Zima hilo dubwana ushuke ngazi. Nenda Mtaa wa Kongo ukawatazame wauza ndoo wanavyopanga rangi. Nyekundu hawaiweki karibu na chungwa hata siku moja, na hakuna aliyewafundisha. Tazama wauza vitambaa wanavyoning'iniza kitenge kimoja juu ya kingine mpaka unasimama bila kutaka. Mimi sikuwahi kubuni kitu kichwani. Nilikuwa natembea asubuhi, narudi na kitu machoni, nakishusha ukutani kabla hakijapoa.

Ila kutazama nako kuna kanuni, na hii nakupa wewe peke yako. Unganisha kidole gumba na cha shahada cha mkono huu na cha mkono huu, upate dirisha. Tazama kupitia hapo. Usitazame kitu kizima, kwa kuwa kitu kizima unakijua jina, na ukishakijua jina huoni tena. Kata kipande. Kipande ndicho kitakachokupa kazi.

Ukishazoea nenda Mtaa wa Sikukuu, kwenye ukuta wa Mzee Seifu, pale ambapo Mama yako Mkubwa alikuwa akisukia wateja barazani. Utamkuta. Nilimchora akiwa amekaa kwenye kigoda, anamsuka mtoto aliyekaa mkekani katikati ya magoti yake. Mtoto huyo ni wewe. Ulikuwa na miaka sita, na kila Jumapili ulikuwa unalia kama unachinjwa. Nasikia rangi haijapauka mpaka leo. Niliichanganya mwenyewe.

Ukifika nipigie picha yake, uitoe kwenye karatasi, uniletee. Unajua albamu zetu zilikwenda na maji siku ile bonde la Jangwani lilipofurika, zikaenda pamoja na kabati na kitambulisho chake cha kura, na mwaka uliofuata na yeye akafariki, akaniacha. Hiyo ya ukutani ndiyo sura yake pekee iliyobaki. Nimeanza kumchora tena hapa, kwenye ukuta wa nyumba yangu unaotazama barabara, na nataka kulinganisha rangi tu. Haina haraka.

Baba yako Mkubwa,
Polycarp


Mchafukoge
27 Februari 2025

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Huku tunashukuru Mungu. Jogoo ameliwa, nyama yake ngumu kama tabia yake. Mtoto anaitwa Waridi! Mke wa Zakayo alinuna siku mbili halafu akaanza kumwimbia jina hilo mwenyewe.

Nina furaha kubwa. Nilishuka ngazi kama ulivyosema. Siku tatu nilizunguka na dirisha la vidole, watu wakadhani nimechanganyikiwa. Mama mmoja muuza mabeseni alinifukuza: "Unatupima pima nini? Manispaa we!" Siku ya nne nikaenda Sikukuu.

Mzee Seifu alishafariki, Mungu amrehemu, nyumba sasa ni ya watoto wake. Lakini ukuta upo. Nilikuwa nimeupita mara nyingi bila kuuona, naona aibu kukuambia. Nikaweka vidole, nikakata kipande, na Baba Mkubwa, nikaiona ile mistari ya nywele kichwani mwa mtoto. Ulivyoipinda! Niliona mitaa. Msimbazi ndio ule mstari mnene wa katikati, Kongo unaukata, Sikukuu unakuja kutokea sikioni. Kichwa kilichosukwa kikawa ramani ya Kariakoo. Nilipiga picha thelathini na nne kwa simu: mistari, mikono yake, vidole vilivyoshika fungu la nywele, zile herufi zako zenye mikia ulizoandika pembeni, rangi ya mkeka. Nilirudi ofisini nikichora kichwani.

Juzi tuliwasilisha. Dada Sofia wa ile kampuni ya mafuta akasema, "Hii ni ya kwetu kabisa." Goodluck alipiga meza. Niliwaonyesha na picha za ukuta wako, wajue wazo limetoka wapi, wakausifu sana. Wakauliza ukuta uko wapi. Nikawachorea ramani nyuma ya karatasi, kona yake, na jinsi unavyoonekana kutoka njia tatu. Nilijivunia wewe.

Picha yako nitairudia. Siku ile muuza soksi anayeitwa Anuari alikuwa amesimamisha mwavuli wake mkubwa palepale usoni pa Mama Mkubwa, nami kwa haraka ya mistari sikumwomba ausogeze. Nitakwenda siku ya utulivu nimpige mzima mzima.

Mwanao mwenye macho sasa,
Violeth


Ndanda
20 Machi 2025

Mwanangu Violeth,

Marahaba, marahaba. Huku mvua imezidi, choo cha jirani yangu Kuruthumu kimetitia na tumekesha tunacheka badala ya kumsaidia. Mimi mzima. Mguu usiuulize.

Barua yako nimeisoma mara nne, na mara moja nimeisoma kwa sauti kwa Nurdin, aliyedai kwamba ana haki kwa kuwa ndiye aliyeileta. Kumbe mistari ile ni mitaa! Mimi nilikuwa nafuata tu kidole chake. Yeye alikuwa anasuka, mimi nachora alivyosuka. Ujue basi kwamba wazo lako ni la Mama yako Mkubwa, mimi na wewe ni wabebaji.

Hapa kazi inakwenda. Mkeka nimemaliza, kigoda nimemaliza, khanga yake nimemaliza mpaka pindo. Mikono imenipa shida siku mbili, ikakubali. Bado uso. Uso mimi huumalizia mwisho, ndiyo kanuni yangu tangu zamani, maana ukianza na uso, picha inakutazama kila unapokosea. Kwa hiyo ukuta umesimama na mwanamke asiye na kichwa, na watoto wa shule wanapita mbio.

Leta ile picha sasa. Kanuni yangu imeniishia, nimefika hapo penyewe.

Baba yako Mkubwa,
Polycarp


Mchafukoge
9 Aprili 2025
(Barua hii haikutumwa)

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Sijui niandike salamu gani. Mama hajambo. Waridi mdogo ameanza kucheka.

Jumamosi nilikwenda Sikukuu nimpige picha. Nilikuwa nimeazima kamera nzuri ya ofisini na nimejiandaa hata kumnunulia Anuari soda ili aondoe mwavuli. Mwavuli haukuwepo. Palikuwa na ngazi za mabomba mpaka juu, na fundi rangi mwenye rola. Ile kampuni ya mafuta imeukodi ukuta kutoka kwa watoto wa Mzee Seifu. Wanaweka tangazo lao la kwanza pale, kwa sababu unaonekana kutoka njia tatu. Ni tangazo langu, Baba Mkubwa.

Wapaka rangi huanzia juu. Wewe unajua. Nilipofika nusu ya juu yote ilikuwa nyeupe. Ilibaki mikono, ikabaki khanga, nikabaki mimi wa miaka sita nimekaa mkekani nalia. Nikapiga kelele: "Fundi! Fundi simama!" Akanitazama kutoka juu, kijana wa watu, hana ubaya. "Dada, mi nimetumwa tu." Nikampigia Goodluck, nikamwambia awasimamishe, pale kuna mtu wetu. Akasema, "Violeth, si ramani umewachorea mwenyewe? Mkataba ushasainiwa." Niliporudi kumtazama fundi, mikono nayo ilikuwa imekwenda.

Nilisimama pale na kamera shingoni. Sikupiga hata moja. Sikujua nipige nini.

Baba Mkubwa, nimezitazama zile picha thelathini na nne moja moja. Nimezikuza mpaka zikawa vidonge vya rangi. Kipande cha juu kabisa nilichonacho kinaishia kwenye kidevu, na kidevu chenyewe kimefunikwa nusu na mwavuli wa soksi. Uso sikuupiga. Sikuuhitaji. Nitakwambiaje?


Mchafukoge
25 Aprili 2025

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Unisamehe kwa kuchelewa. Huku mvua zimeharibu mambo, na simu yangu iliingia maji, fundi wa Mtaa wa Aggrey amekaa nayo wiki nzima. Mama amenunua vifaranga wapya. Zakayo anakusalimu.

Nimethibitishwa kazini. Goodluck amenipa meza ya dirishani. Sijui kwa nini sina furaha niliyodhani nitakuwa nayo, labda ni uchovu.

Kuhusu picha, naishughulikia. Pale Sikukuu kuna ujenzi ujenzi, hapapigiki vizuri. Usiwe na wasiwasi.

Mwanao,
Violeth


Ndanda
18 Mei 2025

Mwanangu Violeth,

Marahaba. Hongera ya kazi. Tunavuna mbaazi mapema mwaka huu, na Kuruthumu amechimba choo kipya, safari hii amekiweka mbali na kicheko chetu.

Barua yako ni fupi. Umeniandikia kama mtu anayejibu mlangoni akiwa ameshika kitasa. Sitakuuliza sababu.

Ila nitakuambia jambo la aibu, kwa kuwa siwezi kumwambia mwingine hapa. Nilikudanganya kuhusu rangi. Rangi sihitaji kulinganisha, ninazo mkononi. Mwezi wa kwanza nilipoanza kumchora, nilianza na uso. Nilitaka kuvunja kanuni yangu kwa ajili yake. Nikachukua mkaa, nikaweka paji la uso, nikaweka macho, nikarudi nyuma, akawa mwanamke mwingine. Nikafuta. Nikaweka tena, akawa dada yangu. Nimefuta mara nyingi mpaka chokaa imebanduka. Nimewaandikia ndugu zake wote, wa Magomeni mpaka wa Kilwa, hakuna mwenye picha. Violeth, nimelala na mwanamke yule miaka ishirini na sita na nimeusahau uso wake. Nakumbuka kwamba alikuwa mzuri. Nakumbuka hilo kama mtu anavyokumbuka habari ya redioni.

Mchoraji mimi. Nimechora nyuso za vinyozi wote wa Kariakoo.

Nakuomba hiyo picha. Hata kama ni mbaya, hata kama ina mwavuli. Nipe jicho moja tu, mengine nitayafuata.

Baba yako Mkubwa,
Polycarp


Mchafukoge
30 Juni 2025

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Wote wazima.

Ndani ya bahasha hii kuna barua ya tarehe 9 Aprili ambayo niliiandika na kuificha chini ya godoro. Isome hiyo kwanza, halafu urudi hapa.

Tangu barua yako ya Mei nimefanya kila nilichoweza, na sikuweza kitu. Nilikwenda na kisu cha kukwangulia nikajaribu kona ndogo ya ukuta. Rangi nyeupe inatoka na ya kwako imegandia nyuma yake, vinadondoka pamoja kama ganda la yai. Nimetafuta kwenye zile ramani za mtandaoni zenye picha za mitaa, gari lao lilipita mtaa wa nyuma. Nimewauliza wenye maduka pale wote kama kuna aliyewahi kujipiga picha mbele ya ukuta. Anuari alilia na mimi, maskini. Amekaa chini ya uso wa Mama Mkubwa miaka saba, nikamuuliza alikuwaje, akasema, "Alikuwa mama wa watu tu, dada. Mi nilikuwa nampa mgongo, natazama wateja."

Nakutumia picha zote thelathini na nne kwenye karatasi nzuri. Hakuna uso hata mmoja. Nilikuja kwake kuchukua wazo, nikachukua, nikaondoka bila kumtazama. Sijui niombe msamaha kwa nani.

Violeth


Ndanda
3 Agosti 2025

Mwanangu Violeth,

Marahaba. Huku jua limeanza kuwaka, mikorosho imetoa maua. Mguu umevimba, nachechemea na fimbo, Kuruthumu ananiita Mzee wa Parokia.

Habari ya ukuta nilikuwa nayo. Nurdin alikwenda Dar mwezi wa nne kununua betri, akapita Sikukuu kwa hamu ya kuona alichosomewa kwenye barua, akakuta tangazo. Aliniambia tangazo zuri. Nilikaa kimya nikikungoja uniambie mwenyewe. Niliamini uso unao, kwamba ulimpiga siku ile ya kwanza na unaona haya tu kunitumia kwa sababu ya kilichotokea. Nikawa najiambia, nani anasimama mbele ya mtu halafu anampiga picha mikono?

Bahasha ilipofika nilikasirika wiki nzima. Nilikukasirikia wewe, nikamkasirikia marehemu Seifu kwa kufa, nikamkasirikia yule muuza soksi nisiyemjua. Siku ya nane nikazipanga picha zako ukutani, chini ya mkaa wangu uliofutwa. Picha nzuri. Umekata vizuri. Kila kipande kiko pale ambapo mimi ningekata. Hapo ndipo nilipoishiwa hasira, kwa sababu nilikumbuka ni nani aliyekuambia usitazame kitu kizima.

Kumbe mimi nami sikumtazama. Miaka yote ile nilikuwa namtazama kama mchoraji, leo shingo, kesho mkono, kesho kutwa jinsi khanga inavyovunjika kiunoni. Vipande ninavyo vyote. Uso nilikuwa nauacha wa mwisho.

Umebaki wewe. Tuliishi wote Magomeni miaka sita, na kila Jumapili baada ya misa ulikuwa mikononi mwake saa nzima. Yeye misa haikumhusu, lakini hakukubali uende Jumapili ya pili na nywele za ya kwanza. Kaa mahali uniandikie uso wake. Usichore, uchoraji utatudanganya. Niandikie kwa maneno tu, kama unamweleza polisi. Pua ilikuwaje, macho yalikaaje. Mimi nitachora unavyosema.

Polycarp


Mchafukoge
24 Agosti 2025

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Pole na mguu. Mama amekutumia dawa ya kuchua, iko kwenye kifurushi, usiinywe. Waridi mdogo ameota meno mawili na anang'ata kila mtu.

Nimekaa. Nimekaa Jumapili tatu mfululizo kwenye baraza la Mama, nimefumba macho, nimejaribu. Nitakuambia kila nilichonacho.

Nina magoti. Alikuwa akikaa kwenye kigoda na mimi mkekani, nimempa mgongo, na magoti yake yananibana mabegani nisikimbie. Khanga aliipandisha mpaka juu ya goti, kwa hiyo nilikuwa nayaona vizuri, moja huku na moja huku. Yalikuwa makavu kidogo, akiyapaka mafuta ya nazi yanayobaki viganjani baada ya kunipaka kichwani. Goti la kulia lilikuwa na kovu, dogo kama punje ya mchele, jeupe. Nikilia nilikuwa nalitazama hilo kovu. Nikilala, nilikuwa nalalia goti la kushoto, na yeye hakuniamsha, alisuka hivyo hivyo upande mmoja akasubiri. Nakumbuka chanuo likinigonga utosini, na sauti kutoka juu: "Tulia. Tulia mama, tunamaliza." Akimaliza ananipa kile kioo chake cha mpini mwekundu, nijitazame. Na kwenye kioo najiona mwenyewe.

Ndivyo ilivyo, Baba Mkubwa. Muda wote niliokuwa naye karibu kuliko wote, nilikuwa nimempa mgongo. Najua nilikula naye, najua alinipeleka shule kwa mkono. Lakini nikijaribu kumgeukia, anakuja yule mwanamitindo tuliyemweka kwenye tangazo. Napita chini yake kila siku nikienda kazini. Anacheka vizuri, amekaa palepale, na mimi ndiye niliyemchagua.

Sina uso. Nimekuandikia magoti kwa sababu ndiyo niliyoyaona kweli.

Mwanao,
Violeth


Ndanda
14 Septemba 2025

Mwanangu Violeth,

Marahaba. Dawa ya mama yako inanuka kama gereji lakini uvimbe umeshuka, mshukuru. Mbusu huyo mng'ataji.

Nimechora magoti. Barua yako niliibandika ukutani kwa gundi ya ugali nikaifuata mstari kwa mstari. Ila ulikosea, kovu lilikuwa goti la kushoto, aliteleza kwenye mtaro wa Magomeni akiwa amebeba ndoo, na mimi ndiye niliyemfunga kidonda. Nikaliweka la kushoto. Nikakaa kwenye kiti nikalitazama mpaka jua likazunguka, nikaanza kuona kwamba labda ni la kulia kweli, wewe ndiye uliyelitazama kila Jumapili. Sijui tena. Nimeweka kovu kwenye magoti yote mawili.

Hapo juu nimeacha chokaa. Kuruthumu kila akipita anasimama, anauliza huyu mama kichwa chake namalizia lini. Namjibu nasubiri picha kutoka Dar.

Baba yako Mkubwa,
Polycarp Mchoraji